Sabuni ya Mafuta ya Mgao

Lodwar, Jumamosi

Mwanangu Akiru,

Asubuhi ulipokuwa unafunga sanduku lako uliniuliza kama kesho nitapanda lori pamoja nawe kwenda Kakuma, nisimame karibu yako Jumatatu utakapowapikia wale wanawake sabuni. Nikajifanya nimesikia mbuzi anatafuna kamba ya nguo, nikatoka nje. Hapakuwa na mbuzi. Jibu sikuwa nalo, na mimi unanijua, nikikosa jibu hutafuta mbuzi.

Sasa umekwenda Kanamkemer kuaga wenzako, nyumba imetulia, na mimi nimekaa kwenye kivuli cha jikoni na biro ya baba yako. Jibu utalipata humu, ila si mwanzoni. Kwanza nina maneno, na wewe tangu ulipojifunza kusema hujawahi kuniacha nimalize sentensi. Karatasi angalau hainikatizi.

Habari za kula, kulala, kwenda kanisani na vijana wa huko sizigusi. Nimezisema tangu ukiwa darasa la tano na najua masikio yako yamechoka. Wala sikukumbushi glavu, wala kwamba kostiki, ile soda inayochoma, ndiyo inayotiwa ndani ya maji na kamwe si maji juu ya kostiki. Mikono yako inayajua hayo hata ukiwa na usingizi. Nataka tuzungumze habari ya maji na joto, basi. Hivyo viwili vimenipiga chenga miaka yote hii, na ndivyo vinavyokungoja huko.

Tuseme jambo lenyewe lilivyo. Wanawake wa kikundi, Wasudani kwa Waturkana, wameweka mafuta pamoja. Hawakuyanunua. Ni mafuta ya mgao wa chakula, yale ya mikebe, na kila mmoja ameyapunguza kwenye chungu cha nyumbani kwake. Tangu mgao uliopita watoto wao wanakula mahindi na maharagwe yasiyo na hata tone la mafuta ili sabuni ipatikane. Ikitoka vizuri, shule na zahanati zimesema zitachukua kwao, na kikundi kitasimama. Ikiharibika, hakuna mafuta mengine, na sidhani kama watakubali kuyaweka pamoja mara ya tatu.

Nasema mara ya tatu kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa mimi. Nitafika huko.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa miaka mitano iliyopita na Lodwar ikajaa malori, kanisani walituletea kozi ya akina mama. Mwalimu wetu alitoka Kinangop, mama mwema, alishuka kwenye gari amevaa sweta. Sweta hiyo hatukuiona tena. Alitufundisha sabuni kama wanavyoipika kwao: mafuta yawe na joto, maji yawe mengi, ukishamimina kwenye kalibu unaifunga na mablanketi mawili matatu ili isipigwe na baridi, iive vizuri. Kwao alikuwa sahihi kabisa. Kinangop sabuni usipoifunika inalala tu. Sisi tulikaa pale na jasho linatuchuruzika mpaka kwenye madaftari, tukaandika "mablanketi mawili matatu", na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza baridi yenyewe iko wapi.

Nikarudi nyumbani na moto wa kuanza. Kosa la kwanza lilikuwa sufuria. Nilichukua ile kubwa ya alminiamu niliyopewa nilipoolewa, nikatia maji, nikatia kostiki. Ikaanza kuchemka bila moto, ikatoa moshi, na nilipokuja kuimwaga nikaliona jua kupitia chini. Baba yako aliiinua, akachungulia tundu, akaniuliza nimeilisha nini. Tangu siku hiyo ni beseni za plastiki na chombo cha enameli, na hilo halina mjadala.

Kosa la pili lilikuwa kumtii mwalimu. Nilimimina sabuni kwenye debe, nikaizungushia blanketi, nikaona haitoshi, nikaongeza juu ile ngozi ya ng'ombe ambayo bibi yako alikuwa akilalia, nikaliweka debe kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Tukakaa kunywa chai. Bibi yako ndiye aliyeona kwanza.

"Mama Akiru," akasema, "iko kitu inapumua ndani ya ngozi yangu."

Ngozi ilikuwa inainuka. Kabla sijasimama, sabuni ilitoka kwa juu ikiwa ya moto, ikateremka pande zote za debe, ikaingia mchangani. Bibi yako hakuidai tena ngozi ile, alisema sasa ni yangu na huyo niliyemweka humo.

Yale tuliyoyajua baadaye sikuambiwa na mtu siku hiyo. Kostiki ikikutana na mafuta inaleta joto lake yenyewe. Humo ndani ya kalibu, katikati ndiko kunakopata moto kwanza. Sabuni inalainika, inageuka kama vaselini, unaweza kuona kidogo ndani yake. Huko ndiko kuiva. Si jambo baya. Sabuni iliyoiva hivyo inakauka upesi, inakuwa ngumu, rangi yake inang'aa. Ila joto likizidi, inavimba na kupasuka. Na hapa kwetu joto halihitaji kubembelezwa na blanketi.

Kwa kuwa niliungua upande mmoja, nikakimbilia mwingine. Nilichimba mchanga wa mto Kawalase mpaka kwenye unyevu, nikazika kalibu humo kivulini mpaka shingoni ili zipoe. Nilijiona nina akili kuliko Kinangop nzima. Nilipokata asubuhi, kila kipande kilikuwa na duara jeusi-jeusi katikati, linang'aa, na pembeni peupe kama chokaa. Katikati kumeiva, pembeni hakukuiva. Mchanga ulikuwa umelifyonza joto kwa kando, moyo wake ukabaki na moto wake.

Nikajiambia sabuni ni sabuni, ikitoa povu nani ataitazama tumboni? Nikaipeleka sokoni. Hapo ndipo alipokuja Mzee Lokeris, yule anayesomea watu matumbo ya mbuzi. Unamjua, hupita sokoni na fimbo na kigoda chake, na mbuzi akichinjwa popote yeye ndiye anayeitwa kutazama utumbo umesema nini.

"Ejok, mama."

"Ejok, mzee."

"Hii ni nyama gani?"

"Si nyama, mzee. Ni sabuni."

Akakaa kwenye kigoda. Akachukua kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akafuata lile duara na ukucha.

"Hapa ni manyatta," akasema. "Hii nyeupe ni njia. Sasa hii nyeusi iko na mdomo, unaona? Adui anatoka huku, anapita mlima, anakuja kwa mifugo."

"Mzee, hiyo ni sabuni tu."

"Mimi najua ni sabuni. Lakini imesema."

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Hakuna aliyenunua. Wawili waliokuwa wamenunua asubuhi walirudisha, na mmoja alikuwa ameshaanza kuitumia. Kesho yake nikasikia kuna boma zima lililohamisha mbuzi kwa sababu ya sabuni ya Mama Akiru. Leo nacheka, siku hiyo sikucheka, nilikaa nyuma ya nyumba nikalia. Uvamizi haukuja. Mzee Lokeris akasema haukuja kwa sababu watu walihama mapema, na kwa hesabu zake hajawahi kukosea.

Lakini alinifundisha, ingawa hakukusudia. Watu wetu hutazama ndani ya kitu. Mahali pengine hiyo alama ingekuwa jambo la urembo. Hapa ni habari. Kwa hiyo uamue mapema kabla hujakoroga: ama sabuni yote iive mpaka kwenye kona, ama isiive kabisa ibaki nyeupe na laini kwa macho. Ile ya nusu usiipeleke kwa mtu. Na wale wanawake wa Kakuma upande wetu wana akina Lokeris wao, usijidanganye.

Basi nilikuwa hapo, nimepasua debe moja na kuhamisha boma moja, ndipo Mama Adut alipoingia katika maisha yetu. Mrefu yule, kila siku alijigonga kichwa kwenye mlango wetu na kila siku alishangaa. Alikuwa akija Lodwar kutoka kambini kutafuta mafuta ya mkia wa kondoo, maana alisema yale ya mgao peke yake yanatoa sabuni laini inayoyeyuka mkononi. Sabuni aliijua tangu kwao Sudan. Alikaa kwenye gogo letu akanitazama nikipika mpaka nilipofika kwenye maji.

"Ya Mama Akiru," akasema, "wewe naweka maji kama mgeni amekuja."

Nilikasirika, lakini alikuwa amenishika pabaya. Mimi nilikuwa natia maji kwa kikombe, kikombe kijae, kisha naongeza kidogo. Kidogo hicho sikukijua ni cha nini. Nafikiri sasa ni malezi tu. Mtu aliyekulia hapa hapimi maji anapompa mwingine. Ukimpa mgeni kikombe kisichojaa, mama yako atakutazama mpaka uzeeke. Mkono wangu ulikuwa unaikaribisha sabuni. Na nilivyo mkaidi nikamwambia kwamba nchi hii ni kavu, upepo unanyonya kila kitu, kwa hiyo maji lazima yazidi.

Hakubishana. Siku ya pili alikuja na mizani ya kupimia sukari, tukafanya kalibu mbili. Mafuta yaleyale, kostiki ileile. Moja alinipa nitie maji yangu ya ukarimu. Nyingine alitia yeye, maji mara mbili ya uzito wa kostiki, kamili, hata tone la heshima hakuongeza. Zote tukaziweka kivulini palepale. Kabla ya jioni yangu ilikuwa imegeuka vaselini katikati na inaendelea kupanuka. Yake ilikaa kimya, nyeupe, inakazana taratibu.

Ndipo alipofafanua, na mimi nakuandikia kwa maneno yangu. Maji yakiwa mengi, sabuni inaiva kwa joto dogo. Maji yakipungua, inataka joto kubwa zaidi kabla haijageuka. Kwa hiyo maji ndiyo kufuli ya kwanza, kabla hujafikiria blanketi wala kivuli. Watu wa baridi huongeza maji ili iive kwa urahisi. Sisi joto tunalo la bure, tukiongeza na maji tunajitafutia balaa.

Na habari haikuishia hapo. Yale maji yangu ya ziada yalipotoka kwa upepo wa hapa, vipande vilijikunja kama viatu vya zamani na kupungua. Mama mmoja wa Nakwamekwi alinirudishia kipande akidai kwamba panya wangu wamekula kabla ya kumuuzia. Vya Mama Adut vilibaki vimenyooka, na baada ya muda mfupi vilikuwa vigumu vya kubisha mlango.

Hapo tena usizidishe, kama nilivyozidisha mimi. Nilipoona maji machache ni mazuri, nikasema machache zaidi yatakuwa mazuri zaidi. Nikashuka karibu na uzito wa kostiki yenyewe. Sabuni ikashikana nikiwa bado nakoroga, mwiko ukasimama wenyewe, nikawa naikandamiza kwenye kalibu kwa ngumi kama mtu anayeziba tundu. Na ndani yake kulikuwa na chembe nyeupe za kostiki zisizoyeyuka. Ile tuliizika, hatukuifulia, maana ingeweza kutoboa ngozi ya mtu. Mara mbili ya kostiki ndiyo nyumba yako. Ukitaka kuteremka kidogo, teremka siku ambayo mafuta ni yako mwenyewe.

Sasa Kakuma. Hii sijawahi kukusimulia yote, si kwa kuificha, ila kila nikifika katikati wewe huuliza jambo jingine.

Mama Adut aliwakusanya wanawake kule kambini na wa mjini, wakaweka mafuta pamoja kama walivyoweka safari hii, na mimi nikaitwa kama mama wa sabuni kutoka Lodwar. Nilivaa kitenge kipya. Maji nilikuwa nimeyaweza tayari, nilipima vizuri. Lakini fundi aliwatengenezea sanduku moja, pana na lenye kina kirefu, ili sabuni yote imiminwe mara moja. Sikuwahi kupika nyingi kiasi hicho. Sikujua kwamba nyingi ikikaa pamoja inashika joto lake, haina pa kulipeleka. Hata maji machache hayakusaidii hapo.

Tulimimina mchana katika ukumbi wao wa matofali, bati juu, saruji chini. Kisha upepo wa vumbi ukaja, ule unaolifuta jua. Tukafunga milango na madirisha. Wanawake, kwa nia njema, wakachukua mablanketi ya kijivu wakalifunika sanduku ili vumbi lisiingie ndani ya sabuni. Tukakaa ukutani kungoja.

Mimi nilienda nikaweka kiganja juu ya blanketi. Ilikuwa ya moto, Akiru. Si ule moto wa kuiva, ule unaokufanya utabasamu. Huu ulinifanya nirudishe mkono. Nikainua pindo nikaona katikati pameanza kuinuka kama mgongo, na ufa mwembamba umeanza juu yake. Nilijua la kufanya. Ondoa mablanketi yote, fungua milango, lizungushie sanduku vitambaa vya maji, na vumbi liingie likitaka. Kuondoa vumbi juu ya sabuni ni kazi ya kisu.

Sikufanya. Niligeuka kumtafuta Mama Adut kwa macho. Alikuwa mwisho wa ukumbi, ametupa mgongo, anaosha beseni. Nikasema moyoni, akigeuka nitamwonyesha, akikubali nitafungua. Wanawake wote walikuwa wananitazama na niliogopa kulitia vumbi mafuta yao mbele yao kwa uamuzi wangu peke yangu. Nikasimama pale na pindo la blanketi mkononi. Alipogeuka, sabuni ilikuwa inashuka ubavuni mwa sanduku kwenda sakafuni.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mama mmoja kijana aliyembeba mtoto mgongoni alitazama chini kisha akaniambia kwa upole, "Hiyo mafuta ilikuwa ya watoto."

Mama Adut alikunja mikono ya nguo. "Bado ni sabuni," akasema. "Lete ile pipa ya chuma. Bes, lete." Tukaichota na makopo na vumbi lake, tukaipika juu ya kuni tukiikoroga mpaka ikawa sawa, tukaifinyanga mabonge kwa mikono. Ilisafisha nguo, lakini ilikuwa nyeusi na hakuna shule ambayo ingeichukua. Kila mama alirudi nyumbani na mabonge yake, na kikundi kikalala tangu siku hiyo.

Jioni tulipokuwa tunasugua sakafu Mama Adut aliniuliza, "Wewe uliona?"

"Niliona."

"Sasa mbona hukufungua?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Akaendelea kusugua. "Mimi nilikuwa naosha beseni," akasema.

Hakulirudia neno hilo hata siku moja, wala urafiki wetu haukupungua. Mwaka jana alipomfuata mume wake Nairobi nililia kuliko nilivyolia kwa sabuni yoyote. Na wanawake wa kikundi walipoamka tena wakaniletea ujumbe nije niwafundishe, mimi ndiye niliyewaambia wakuchukue wewe. Ulifikiri wao ndio waliokutaja. Nilikutaja mimi.

Nitakuambia kwa nini, na usivimbe kichwa. Mwezi uliopita nilikuwa nazungumza na wateja mlangoni, ukapita, ukagusa kalibu zangu mbili, ukang'oa vifuniko bila kuniuliza. Nilikugombeza mbele ya watu. Nilisema huna adabu, nani amekuambia. Nilipokwenda kuzitazama, zilikuwa tayari zimeanza kupandisha mgongo. Ungekuja kuniita kwanza zingekuwa sakafuni. Nilijua hivyo hata kabla sijamaliza kukugombeza, lakini mdomo ulikuwa umeshika njia. Leo nasema: ulifanya vizuri.

Kwa hiyo Jumatatu, kama ningekuwa wewe. Mafuta ya mgao uyachanganye na ya mkia wa kondoo, ndoo niliyokuyeyushia iko karibu na mlango, usiisahau. Maji mara mbili ya kostiki, yapime, usimkaribishe mtu. Lile sanduku la fundi likatae hata wakikuonyesha kwa fahari. Tumia kalibu ndogo za mbao, nyembamba, nyingi. Usiziweke sakafuni, saruji ile ni ya baridi na itaiacha sabuni ya chini haijaiva, ndipo utamwita Mzee Lokeris wao. Ziinue juu ya matofali, zipeane nafasi, mbali na mlango, shuka moja nyepesi juu. Mafuta ya mgao yanachelewa kukaza, ndiyo maana ningependa uiache iive yote. Maji ni machache lakini joto la Kakuma litakufikishia. Kisha ukae hapohapo. Usiende kula, usiende kusalimiana. Ukiona ule mng'ao umefika kwenye kona, funua ipumzike. Ukiona mgongo unainuka kabla ya hapo, unajua la kufanya.

Pengine utafika ukute jambo ambalo sikulitaja, kivuli kingine, upepo mwingine, mafuta ya rangi nyingine kwenye mikebe. Haya niliyoandika ni ya Lodwar na ya siku moja mbaya ya Kakuma. Mimi mwenyewe nilipika kama Kinangop hapa kwa sababu niliandika vizuri kuliko nilivyotazama. Usinifanye mimi kuwa Kinangop yako.

Na ikipasuka, ipasuke. Ichoteni, muipike, mtafulia. Waambie kwa mdomo wako kwamba umekosea, usiusingizie upepo, kisha uje nyumbani. Mlango huu haukufungwa kwa sababu ya sabuni. Nitaumia kwa ajili ya mafuta yao, na nitaumia kwa ajili yako, lakini sitakuuliza swali lolote mpaka ushibe.

Sasa jibu. Siji, Akiru. Yaani sitakuja kesho.

Usidhani sitaki. Nguo zangu zilikuwa zimeshakunjwa kwenye mfuko tangu jana, baba yako ni shahidi. Nilikuwa nimeshapanga mpaka nitakapokaa pale ukumbini, na nilijiambia nitanyamaza kimya, nitakutazama tu. Ndipo nilipojua. Nikikaa pale, wanawake watanitazama mimi. Na saa ile joto litakapopanda wewe utaweka kiganja, utajua, kisha utageuka kunitafuta. Huwezi kujizuia, hata mimi sikuweza, na Mama Adut hakuwa hata mama yangu. Na mimi nitakuwa naosha beseni.

Nguo nimezirudisha kabatini. Jumatatu nitakuwa hapa Lodwar na sitajua lolote mpaka lori lirudi na mtu wa kunipa habari. Siku hiyo itanitesa, nakwambia kweli. Nitawagombeza wateja bure.

Nakupenda, na nimefurahi kwamba unakwenda, na sitaki uende. Yote matatu ni kweli kwa pamoja, usinitake nichague.

Ukisikia moto chini ya shuka, fungua. Vumbi liwe mlangoni, wanawake wote wawe wamesimama, fungua. Usigeuke. Nyuma yako hakuna mtu, nimehakikisha.

Mimi mama yako